Midhat Pasha, gavana aliyewafungulia mayatima ateliye



Kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani, safari hii nawaletea mtu ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa kwao ni mtu mkubwa sana. Anaitwa Midhat Pasha. Alizaliwa miaka zaidi ya 200 iliyopita, mbali sana na Ziwa Tanganyika. Nimemchagua juu ya ule mjadala wetu wa ateliye ya vijana, ambao bado haujaisha: tufundishe kazi gani, tumfundishe nani, na pesa itoke wapi. Maswali hayo matatu huyu mzee aliyajibu kwa vitendo, mengine vizuri, mengine vibaya. Nitasimulia yote.

Tuanze na mahali. Wakati ule kulikuwa na Dola ya Waosmani, dola ya Waislamu yenye makao Istanbul. Ilitawala nchi ambazo leo tunaziita Uturuki, Bulgaria, Iraki, Syria, Lebanon na nyingine nyingi. Ndani yake walikaa Waislamu, Wakristo na Wayahudi, wenye lugha zaidi ya kumi. Kufika katikati ya miaka ya 1800 dola hiyo ilikuwa imezeeka. Vita na Urusi haviishi, madeni yanapanda, majimbo mengine yanataka kujitenga. Tangu mwaka 1839 wakubwa wa Istanbul walikuwa wameanza kurekebisha mambo: sheria, kodi, jeshi, shule. Midhat alikulia katika kipindi hicho cha marekebisho, na maisha yake yote aliyatumia humo.

Alizaliwa Istanbul mwezi wa 10 mwaka 1822. Wazazi walimwita Ahmed Şefik. Baba yake, mtu ambaye ukoo wake ulitoka Ruse kwenye mto Danube, alikuwa anafanya kazi ya ukadhi na kuhamishwa huku na huku, kwa hiyo mtoto alihama naye. Hakutoka familia maskini, lakini pia hakutoka familia ya mapasha. Alipofika miaka kumi alikuwa amehifadhi Kurani yote kichwani, wakamwita Hafiz. (Neno letu hifadhi linatoka mzizi huo huo wa Kiarabu. Mtaona katika habari hii kuna maneno kadhaa ambayo sisi wa Kiswahili tunayajua bila kujua tunayajua.) Akiwa kijana mdogo tu aliingizwa ofisi za serikali kama karani wa kunakili barua, na huko ofisini ndiko alikopewa jina la Midhat.

Akapanda polepole. Alitumwa majimboni kukagua hesabu na kuchunguza wakubwa waliokula mali ya Leta, na alijitengenezea maadui mapema. Mwaka 1858, akiwa na miaka kama 35, alikwenda Ulaya miezi sita, akaona Paris, London, Brussels na Vienna. Ni katika umri huo huo alikaa chini kujifunza Kifaransa. Nawaambia hili wale wanachama wanaosema kwamba kisomo cha watu wazima ni kupoteza wakati.

Mwaka 1861 alipewa cheo cha pasha, akatumwa kuwa gavana wa Niš, mji ambao leo uko Serbia. Hapo ndipo habari yetu inaanza kweli.

Jimbo la Niš lilikuwa limechoka. Njia hazipitiki, majambazi wako porini, wakulima wa Kikristo wanavuka mpaka kukimbia kodi. Midhat hakuanza na askari peke yake. Aliwaita wakubwa wa vijiji, Waislamu kwa Wakristo, akawauliza nini kinawaumiza, kisha akaanza na barabara na madaraja. Na mjini aliona jambo ambalo sisi hatuhitaji kuelezwa: watoto wa barabarani. Vita na magonjwa viliacha mayatima, wa Kiislamu na wa Kikristo, wakiomba na kuiba sokoni.

Mwaka 1863 aliwakusanyia nyumba. Aliiita ıslahhane. Hilo neno la kwanza, islahi, ni ndugu wa neno letu suluhu: kutengeneza kilichoharibika. Hane ni nyumba. Kwa hiyo ni nyumba ya kutengenezea. Wengine wameelewa kama gereza la watoto, na kweli baadaye zipo zilizofanana na gereza, lakini wazo la kwanza halikuwa hilo. Mtoto alipata pa kulala, chakula na nguo. Sehemu ya siku alisoma kusoma, kuandika na hesabu, na dini yake: Mwislamu ya kwake, Mkristo ya kwake. Sehemu nyingine ya siku alikuwa kwenye ateliye na fundi: kushona nguo, kutengeneza viatu, kutengeneza ngozi, kufuma.

Ebu tazameni huo mpango. Hakusema mtoto asome kwanza miaka sita, halafu tutaona kama kuna kazi. Hakusema pia apige nyundo bila kujua kusoma. Alichanganya vyote viwili siku moja, chini ya paa moja, na watoto wa dini mbili ambao baba zao pengine waliuana.

Mwaka uliofuata, 1864, serikali iliunganisha Niš na majimbo jirani ikaunda jimbo moja kubwa la Danube, makao yake Ruse, mji wa ukoo wa baba yake Midhat. Jimbo la namna hiyo kwa Kituruki linaitwa vilayet. Wenzetu mliokaa Nyarugusu mnaijua wilaya ya Kasulu: ni neno lile lile, limepita Uarabuni likaenda kaskazini kwa Waturuki na kusini kwa Waswahili. Midhat akawa gavana wa kwanza wa vilayet ya Danube, akakaa hapo mpaka 1868. Alifungua ıslahhane nyingine Ruse na Sofia. Ile ya Ruse ilikuwa kubwa, na ilikuwa na kitu kipya: mashini za kuchapa. Jimbo lilianzisha gazeti lake mwaka 1865, likichapwa kwa Kituruki na Kibulgaria, na mayatima walifundishwa kazi ya kupanga herufi na kuchapa. Mtoto aliyekuwa anaokota makombo sokoni sasa anapanga herufi za gazeti la gavana. Kwa wakati ule huko ni kupanda ngazi nyingi kwa mara moja.

Pesa ilitoka wapi? Hapo ndipo nataka wanachama wa kamati ya fedha wasome taratibu. Istanbul haikuwa na pesa ya kumpa. Alitafuta michango kwa matajiri wa mji, ndiyo, lakini hakutegemea michango tu. Nyumba zile zilipewa mapato yao zenyewe, kwa mfano kodi za maduka, na bidhaa za ateliye ziliuzwa. Mteja mkubwa alikuwa jeshi, ambalo kila mwaka linahitaji viatu na nguo. Sisi huku tunafundisha kwanza, na siku ya kutoa vyeti ndipo tunajiuliza nani atanunua.

Na wakulima je? Mwaka 1863, katika mji mdogo wa Pirot karibu na Niš, alianzisha kitu ambacho kila mama wa likelemba atakitambua. Wakulima walikuwa wanakopa kwa wenye riba, na riba ilikuwa inawamaliza: mtu anakopa mbegu, anapoteza shamba. Midhat akawaambia walime pamoja kipande cha shamba, kila mtu atoe siku zake, kama salongo, mavuno yauzwe, na ile pesa iwe mtaji wa sanduku la kijiji. Sanduku lilikopesha kwa riba ya 1% kwa mwezi, kwa muda mfupi, na mtu wa kumdhamini mkopaji. Walioliangalia walichaguliwa na watu wenyewe, wawili Waislamu na wawili Wakristo. Faida nyingine ilirudi kwenye mtaji, nyingine ikajenga shule na madaraja. Masanduku hayo yalienea dola nzima. Mwaka 1888 serikali iliyageuza kuwa benki ya wakulima, na benki hiyo, Ziraat Bankası, inafanya kazi Uturuki mpaka leo. Ilianza na mahindi na ngano za watu waliolima pamoja.

Sasa wasichana.

Mwaka 1865 Midhat alifungua Ruse ıslahhane ya mayatima wasichana. Kwa dola ile ilikuwa hatua kubwa. Kabla ya hapo, mafunzo ya kazi kwa wanawake yaliyosimamiwa na serikali yalikuwa ya ukunga, yaliyoanza Istanbul miaka ya 1840. Msichana wa kawaida alisoma dini kidogo akiwa mdogo, halafu anabaki nyumbani kungoja ndoa. Yatima wa kike alikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu hana hata nyumba ya kungojea. Wengi waliishia kuwa watumishi kwenye nyumba za watu, bila mshahara unaoeleweka, na mengine ya nyumba za watu mnayajua. Kwa hiyo nyumba yenye kitanda, mwalimu na ufundi wa kulipwa haikuwa kitu kidogo kwake.

Lakini ufundi gani? Sindano. Wavulana walikuwa na ngozi, viatu, nguo, kufuma, mashini za kuchapa. Wasichana walishona, na walichoshona zaidi kilikuwa mavazi ya askari. Hapa mimi nina neno langu, na mnisamehe kama nitamkosea marehemu. Naona alifungua mlango, halafu akaweka ukuta hatua mbili ndani ya mlango huo. Yule msichana alipata kazi, ndiyo, lakini paka ile kazi ambayo hata bila shule angeshona nyumbani, na mteja wake mmoja tu, jeshi, ndiye aliyepanga bei. Mvulana wa kuchapa angeweza kwenda Istanbul kutafuta kazi kwenye gazeti lolote. Msichana wa sindano angekwenda wapi?

Wa upande wa pili nao wana hoja. Wazazi na masheikh na mapadri wa wakati ule wangekubali nini kingine? Kushona kulifanyika ndani, kati ya wanawake, hakuna wa kupiga kelele. Angeanza na mashini za kuchapa, pengine nyumba ingefungwa mwezi huo huo. Na kweli, kupitia sindano hiyo hiyo wasichana wale walipata pia kusoma na kuandika, ambako hakuna jeshi lililokutumia. Nimefanya kazi kwenye vituo vya mafunzo huku Kivu ya Kusini, nimeona wasichana karibu wote wakipelekwa kwenye kushona na wavulana kwenye useremala, uashi na umeme, na nikiuliza kwa nini, jibu ni hilo hilo la mwaka 1865: ni salama, wazazi wanakubali. Wakati huo sokoni mafundi wa kushona wamekaa kwa mstari, kila mmoja anangoja mteja.

Turudi kwa Midhat. Mwaka 1867 serikali ilitoa kanuni rasmi ya ıslahhane, na nyumba hizo zikaanza kufunguliwa majimbo mengine. Mwaka 1868 aliitwa Istanbul kuongoza Baraza la Dola. Alikaa muda mfupi, lakini mwaka huo huo ilifunguliwa shule kubwa ya ufundi ya wavulana katika mji mkuu, pamoja na sanduku la akiba la watu wa kawaida. Shule hiyo iliitwa Mekteb-i Sanayi, na hilo neno sanayi ni jamaa wa neno letu sanaa. Shule ya ufundi ya wasichana ilifuata muda mfupi baadaye, mtaa wa Yedikule, nayo ikianza na mahitaji ya jeshi. Mwaka 1869 sheria mpya ya elimu ilisema wasichana pia lazima wasome shule ya msingi, na mwaka 1870 kilifunguliwa Istanbul chuo cha walimu wanawake. Hiki cha mwisho ndicho kilichobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, kuliko sindano zote. Mwalimu mwanamke alikuwa na mshahara wa Leta, jina kwenye orodha, na angeweza kupangiwa kazi mji mwingine. Binti wa watu wa kawaida akawa mtumishi wa serikali. Si Midhat aliyefanya yote hayo, wapo wengine, lakini njia ilipita pale alipokuwa amekata majani.

Kabla sijaendelea, lazima niseme upande wake mgumu, kwa sababu gazeti la chama si la kusifu tu. Katika jimbo la Danube, Wabulgaria wengi walitaka nchi yao. Vikundi vyenye silaha vilivuka kutoka Romania miaka ya 1867 na 1868, na Midhat alivivunja bila huruma: watu walinyongwa. Alipendekeza pia watoto Waislamu na Wakristo wasome shule moja, na Wabulgaria walikataa, kwa kuwa waliona ni mtego wa kuwapotezea lugha na taifa lao. Ukiwauliza wao, ıslahhane nayo ilikuwa ndani ya mtego huo. Na kuna habari ya wakimbizi. Maelfu ya Watatari walitoka Krimea baada ya vita vya 1853 hadi 1856, na mwaka 1864 wakaja Wacherkesi kutoka Kaukasia, wamefukuzwa na Urusi. Serikali iliwapa mashamba pembeni ya Danube, na vijiji vya wenyeji vililazimishwa kuwajengea nyumba na kuwapa nafaka. Midhat alisifiwa kwa namna alivyowapanga haraka wasife njaa. Lakini mwenyeji aliyechukuliwa siku zake na nafaka yake bila kuulizwa, hasira yake ilienda wapi? Ilimkuta jirani mgeni. Sisi tuliokaa vikao vya ardhi kati ya waliobaki na waliorudi tunaijua hasira hiyo kwa majina na sura.

Mwaka 1869 alitumwa Baghdad, akakaa mpaka 1872. Kule nako alifungua shule ya ufundi ya mayatima, gazeti la jimbo, hospitali, na reli ndogo ya kuvutwa na farasi kutoka Baghdad hadi Kadhimiya, iliyouzwa kwa hisa kwa wenyeji. Ukimfuata gavana huyu mji kwa mji utachoka, juu ya kila mahali ni mambo yale yale: barabara, sanduku, gazeti, shule ya ufundi.

Mwaka 1872 Sultani Abdülaziz alimfanya waziri mkuu. Hakumaliza miezi mitatu. Alikagua hesabu ambazo ikulu haikutaka zikaguliwe, akaondolewa.

Miaka minne baadaye mambo yalipasuka. Dola ilikuwa imeshindwa kulipa madeni, Bosnia na Bulgaria zinawaka. Tarehe 30 mwezi wa 5 mwaka 1876, Midhat na wakubwa wengine walimwondoa Abdülaziz kwenye kiti. Siku chache baadaye sultani huyo aliyeondolewa alikutwa amekufa, mishipa ya mikono imekatwa. Madaktari walioitwa walisema alijiua. Mrithi wake Murad alikuwa mgonjwa wa akili, naye akaondolewa, na mwezi wa 8 akakaa Abdülhamid wa Pili. Mwezi wa 12 Midhat akawa waziri mkuu mara ya pili, na tarehe 23 ya mwezi huo ikatangazwa katiba ya kwanza ya dola hiyo, ambayo yeye aliisukuma kuliko mtu yeyote. Ilisema raia wote ni sawa mbele ya sheria, dini yoyote. Na kifungu cha 114 kilisema elimu ya kwanza ni lazima kwa kila raia.

Kifungu kilicho kabla ya hicho, cha 113, kilimpa sultani ruhusa ya kumfukuza nchini mtu yeyote anayeonekana hatari kwa usalama wa dola. Abdülhamid aling'ang'ania kiingizwe. Midhat alikikubali ili katiba isikwame. Tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka 1877, hata miezi miwili haijaisha, alipandishwa kwenye meli na kupelekwa Italia kwa kifungu hicho hicho.

Mkimbizi, basi. Mtu aliyepanga wakimbizi wa wengine akawa naye hana nyumba, anazunguka Ulaya. Mwaka huo vita vya Urusi vilianza, na kufika 1878 jimbo lake la Danube lilikuwa limepotea, Bulgaria imejitenga. Nyumba za mayatima za Ruse na Sofia zilikufa na utawala uliozijenga, na Wacherkesi na Waislamu wengi wa pale walikimbia tena, safari ya pili.

Mwishoni mwa 1878 aliruhusiwa kurudi, akatumwa kuwa gavana wa Syria. Angeweza kukaa kimya apokee mshahara. Hakukaa. Alifungua Damascus shule ya ufundi ya mayatima, na aliwaunga mkono watu wa kawaida wenye mali kidogo waliokuwa wanaanzisha vyama vya misaada. Beirut kulikuwa na chama kimoja, Makasid, kilichoanzishwa mwaka huo huo wa 1878 na Waislamu wa mji kwa michango yao. Shule zake za kwanza zilikuwa za wasichana. Si ateliye za nguo za jeshi, ila shule. Midhat aliwasaidia, na chama hicho kipo mpaka leo, kinaendesha shule na hospitali. Mimi nikilinganisha Ruse ya 1865 na Beirut ya 1878, naona tofauti moja inayotuhusu. Ruse, gavana aliamua wasichana wanahitaji nini. Beirut, walioamua ni wazazi wao, kwa pesa waliyotoa mfukoni, na waliomba zaidi ya sindano.

Mwaka 1880 alihamishiwa Izmir. Mwaka uliofuata, usiku mmoja, askari walizunguka nyumba yake. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ufaransa, halafu akajitoa mwenyewe. Alishtakiwa kwamba alimuua Abdülaziz miaka mitano iliyopita. Kesi ilisikilizwa ndani ya eneo la ikulu ya Yıldız, kwenye hema, kwa siku chache, na mashahidi ambao hata mabalozi wa nje hawakuwaamini. Alihukumiwa kifo. Kelele za nje, hasa za Uingereza, zilifanya hukumu igeuzwe kuwa kifungo cha maisha uhamishoni, Taif, mji wa milimani huko Uarabuni karibu na Makka.

Alikaa gerezani humo karibu miaka mitatu. Aliandika kumbukumbu zake, akawaandikia familia barua kila alipopata njia, akiwa mgonjwa na analindwa mpaka na chakula chake, kwa kuwa aliogopa sumu. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 1884 askari waliingia chumbani wakamnyonga, pamoja na mfungwa mwenzake, pasha mwingine. Alikuwa na miaka 61. Alizikwa hapo hapo Taif.

Mtoto wake Ali Haydar alikimbilia Ulaya, na mwaka 1903 alichapisha London kitabu cha maisha ya baba yake. Katiba ilirudishwa mwaka 1908. Shule za ufundi za wasichana ziliendelea kuongezeka Istanbul, na wanafunzi wao wengine wakawa walimu wa shule hizo hizo. Damascus, soko refu lenye paa, ambalo wauzaji wa vitambaa na viungo wamejipanga pande zote mbili, linaitwa soko la Midhat Pasha.

Mifupa yake ilikaa Taif miaka 67. Mwaka 1951 serikali ya Uturuki iliomba irudishwe, ikafukuliwa, ikasafirishwa mpaka Istanbul na kuzikwa kwenye kilima cha Abide-i Hürriyet, mbele ya rais wa nchi na watu wengi.